Nakala Mia Mbili

Kijana wa wizarani amekuja na flashi shingoni,
Lemburis, kitambulisho kinasema.
Nakala mia mbili, mama, jalada la bluu,
gundi, siyo pini. Wanasaini saa nane.

Nikawasha mashine. Mvua ya Aprili
ilikuwa imeufuta Mlima Meru tangu Jumatatu
na Sekei nzima inanuka tope na maandazi.

Mashine yangu ina tabia zake.
Ukurasa wa kumi na tisa iliutafuna.
Nikaifungua ubavu, nikavuta taratibu,
karatasi ikatoka na makunyanzi, wino mbichi,
na kwa kuwa ilikuwa tayari mkononi, nikaisoma:

*Hatashitakiwa aliye madarakani,
wala anayekaimu, wala afisa yeyote wa ngazi ya juu,
kwa muda wote wa utumishi wake.*

Nikairudia, kama mtu anayehesabu chenji.

Mahakama ya Uholanzi haitatugusa tena,
Lemburis akasema, kifua mbele.
Tumechoka kuchapwa na bakora ya jirani.

Hapo nilimpa nusu.
Bakora ile ina macho, inachagua mgongo;
kuna migongo haijawahi hata kuonyeshwa fimbo.
Lakini, mwanangu, mlango wa jirani mmeufunga
na wa kwetu mmeutia komeo kwa ndani.
Aliyechomewa nyumba abishe wapi?
Kesi ya nyani tulizoea kuipeleka kwa ngedere.
Leo hata ngedere amepewa likizo.

Akatazama saa.

Sikumwambia kwamba miaka sita, mji huu huu,
kabla goti halijazikataa ngazi,
nilikuwa mbeba maji wa mashahidi.
Walitoka mbali, wamevaa makoti ya kuazima,
wakaapa, wakasemea nyuma ya pazia.
Jioni nilikusanya glasi zao.
Nyingi zimejaa bado.
Zilishikwa tu, vidole kumi kwenye kioo,
vile mtu anavyoshika kitu
asiamini kwamba safari hii hakitanyang'anywa.
Niliziosha. Ndiyo kazi niliyolipwa.

Juzi soko la Kilombero
wamemkamata mtoto na maparachichi mawili.
Hakuna aliyemuuliza
muhula wake unaisha lini.

Saa saba na nusu, kazi imekwisha.
Nimempa risiti, nimepiga muhuri,
hesabu imetimia, mia mbili kamili.
Ila katika nakala moja, sijui itamwangukia nani,
ule ukurasa nimeugandisha kichwa chini.

Msiseme hujuma. Hakuna neno lililopungua.
Nataka tu, ndani ya ukumbi ule wenye kiyoyozi,
kalamu zikiwa zimeshafunguliwa,
mtu mmoja akwame,
ageuze mkataba mikononi mwake,
na kwa kuwa ameushika,
ausome.