Sina Mzigo

Karani wa tiketi pale Itungi hakuinua uso.
"Magunia mangapi?"
Sina gunia.
"Ndoo za mawese? Kuku? Godoro?"
Sina.
"Basi poleni. Nani amefariki?"

Hajafa mtu, mwanangu. Nakwenda kutazama.

Akanikagua kama noti iliyobandikwa gundi,
akamkagua Ambakisye nyuma yangu, na koti lake la harusi,
akagonga muhuri:
abiria wawili, kwenda na kurudi, mzigo hakuna.

Miaka thelathini na minne nimepima watoto wa Tukuyu,
mizani ya kuning'iniza, kilio na kilo, kilio na kilo.
Kiinua mgongo hakijaingia benki, wanangu walishakimaliza:
bati, bomba, ada ya mjukuu.
Nilichomoa kidogo
nikakificha kwenye kopo la majani ya chai.

Ilianza na picha. Tusekile anaogesha wazee huko Norwei.
Milima miwili, maji katikati,
meli nyeupe kama jino la bandia,
na watu wamekaa vitini, hawafanyi kitu.
"Mama, huku wanaita fiodi.
Watu wanalipa mshahara mzima
waone mlima ukiingia majini."
Nikamwandikia: hata Matema unaingia,
na hatujaulipa hata salamu.

Meli ikajing'oa. Jua lilikuwa bado nyuma ya safu ya Livingstone,
limechelewa kama daktari wa zamu.
Sisi tuko kivulini, ng'ambo kwa Wamalawi kumeshakucha.

Halafu ukuta.

Ukuta wa kijani, umeshuka kutoka mawinguni bila kupumzika,
ukatumbukiza miguu ziwani
wala haukupandisha nguo.
Mihogo imelimwa humo ubavuni, imening'inia.
Anayepalilia pale amejifunga kamba
au amejifunga imani?
Uzi wa maji unaanguka mbali, mweupe;
husikii, injini imemeza sauti yote.
Na Ikombe, vyungu mchangani, midomo wazi juu,
makinda yanayongoja mama yao.

Ambakisye, aliyesinzia tangu Matema,
akashtuka: "Moto! Ziwa linaungua!"
Ni kungu tu, baba, wadudu wanapanda kama moshi.
Sitaha nzima ilicheka. Naye akacheka,
mmoja ameshaingia kinywani.

Bi Mtweve alikalia magunia yake ya mchele wa Kyela,
mgongo kaupa mlima.
"Unatazama nini, dada, tangu asubuhi?"
Mlima.
"Ule?" Hakugeuka.
"Ule niliupanda na mimba ya miezi minane
kutafuta zahanati. Nilifika na mtoto mkononi."

Nikaona aibu ya kiti changu.
Sikuwa na la kusema, nikammenyea ndizi.

Tulikula. Meli ikapinda, jua likaruka ukingo,
majani yote yakawaka kwa mara moja
na kivuli cha mlima kikakunjwa majini kama mkeka.
Bi Mtweve aligeuka, nadhani kwa sababu ya joto.
Alikaa hivyo muda mrefu, ganda la ndizi mkononi.
"Kumbe ni mzuri," alisema,
kwa sauti ya mke anayesikia mumewe akisifiwa na wengine.

Lupingu mitumbwi ilitufuata. Watu, ndoo, mbuzi mmoja mbishi.
Gunia la mwisho lilimshinda kijana,
nikashika pembe ya chini, nikaliinua nao.
Kilo hamsini na mbili, mkono uliniambia, si hamsini.
Mkono haujastaafu.

Picha niliyompigia Tusekile
imetoka kidole gumba
na bluu kidogo pembeni.
Mtandao uliporudi nikaituma hivyohivyo.