Boya Jeupe, Upernavik

Desemba huku jua halichomozi.
Saa mbili asubuhi watoto wangu saba
huja na theluji viatuni, usingizi machoni,
na mwezi unawasindikiza mpaka mlangoni.
Wiki hii hautui. Unauzunguka mji
kama mbwa aliyefungwa mnyororo,
usiku na mchana, bila kulala,
kisha siku moja unakwenda zake.

Ivalu, miaka mitano, mapengo mawili,
alifungua kitabu kilicholetwa na meli ya mwisho.
"Mwalimu, huu mwembamba kama ukucha
ni mwezi wa nchi gani? Wetu hauko hivi."

Kweli. Msimu wa giza, wetu huja nusu,
hunenepa, hurudi nusu, hutoweka.
Hilali hupita chini, kule jua lilikojificha,
nasi hatuambuliwi hata ncha ya pembe.

Nilianza na donge la theluji juu ya kijiti.
Darasa lina joto. Likachuruzika hadi kwenye kiwiko.
"Mwezi unakojoa!" akapiga kelele Qupanuk,
na somo likaishia hapo.

Mwaka jana nilikosea vibaya zaidi.
Niliwaambia ni kivuli cha dunia kinachoumega.
Nilisema kwa sauti ya mtu mzima
nao wakaamini, maana chaki nilikuwa nayo mimi.
Jioni, nikiosha vikombe, nikachungulia dirishani:
mwezi nusu huku, wekundu wa jua kule,
na dunia haikuwa katikati yao.
Kivuli gani tena?

Nikalala na deni. Nimelilipa Jumatano.

Nilichukua boya jeupe la wavu wa mume wangu,
na taa yake ya kichwani nikaifunga kwenye kitasa.
Nikazima nyingine zote.
"Taa ni jua. Minik, kichwa chako ni dunia,
na pua yako ni Upernavik."
Akaipapasa pua, kama anatafuta nyumba yao.

"Nyosha mkono. Boya lielekee taa."
Upande wake wote ukawa mweusi.
"Umekufa," akanong'ona.
"Haujafa. Unalitazama jua, wewe umekutupa kisogo.
Sasa geuka kushoto, kwa kisigino, polepole."

Uzi wa nuru ukaota ukingoni, kulia.
"Ukucha!" Ivalu akaangusha kitabu.
Polepole: nusu.
Polepole: tumbo limejaa, bado kidogo.
"Sasa taa iko nyuma yako. Inua boya juu ya kichwa,
la sivyo utaufunika kwa kivuli chako."
Akainua. Mpevu, mweupe,
na doa la mafuta ya samaki shavuni.

Basi kila mtu akataka kuwa dunia.
Aputsiaq alizunguka kasi,
akamaliza mwaka mzima kwa pumzi moja,
akaangukia kwenye rundo la makoti.

Qupanuk hakuinuka. Alikaa chini ya meza,
akatazama boya likitiwa giza na kurudishwa,
ndipo akauliza, si mimi, ni meza:
"Ukiwa mweusi kwetu, nani anauona mweupe?"
Nilikuwa bado natafuta maneno
alipojijibu mwenyewe:
"Taa."

Jua lilirudi, chembamba, la dakika chache,
tukapiga makofi kama desturi.
Halafu Februari ikazeeka, na alasiri moja,
tukiwafunga zipu waende nyumbani,
Ivalu akasimama katikati ya njia, kidole juu.
Juu ya barafu ya ghuba, kusini-magharibi,
mwezi umeandama.

Hakusema neno. Alikunja ngumi,
akanyosha mkono kuelekea mahali jua lilipozama,
akageuka kushoto kwa kisigino, kidogo, kidogo tena,
mpaka ngumi ikakutana na ukucha.

Kisha akainusa glavu yake.
"Huu hauna harufu ya samaki," akasema,
akaondoka mbio.