Kabla ya Barabara ya Kumi na Mbili

Alfajiri, Ngamiani, nakimbia peku.
Ya Nne ni mchanga, bado wa baridi.
Ya Saba nakwepa vigae vya chupa.
Ya Tisa, Mwanasha kamwaga maji ya ukoko:
nyayo zinateleza, zinacheka zenyewe.

Raba ziko mkononi,
soli nyembamba kama chapati ya maji,
laki mbili na ushei
ili nisijue nimevaa.

Baba alikata mkonge Ngomeni
aninunulie viatu vya shule,
vikubwa, vidoleni tukajaza gazeti.
"Huyu hatakanyaga chini,"
aliwaambia hata wasiouliza.

Ya Kumi na Moja ikiisha
nakaa kwenye ukingo wa mtaro,
napangusa vumbi, nafunga kamba.
Siku hizi haoni. Yuko barazani, anasikiliza.

Soli hizi hazina sauti.
Nakanyaga kwa nguvu.