Kibaya Chajitembeza

Dalali amelizunguka mara mbili,
akagonga boneti kwa kidole kama anayechagua tikiti maji,
akauliza, "Hii ni nini?"
Gari, nikasema.
"Magurudumu nayaona, mama. Nauliza jina."

Jina halina. Lilifika ndani ya kasha la mbao
mwaka ule paa la jikoni lilipokuwa likivuja:
mwili wa faibaglasi, mwekundu, mwepesi kama beseni,
kioo kimoja, mfuko wa skrubu mia tatu na kumi,
na maelezo ya kurasa tisa. Ukurasa wa saba haukuwamo.
Nzioki akacheka. "Rahisi," akasema,
"rahisi kuliko kuunga kitanda."

Chini yake ni Volkswagen ya sabini na moja
tuliyouziwa Kariobangi na mchungaji
aliyeombea injini hadi akachoka.
Breki za Grogan. Taa za pikipiki.
Kiti changu kilitoka kwa kinyozi, kikakatwa mguu.
Miaka minne, na mimi nikiandika gharama
nyuma ya daftari la chama:
rangi, elfu sita;
rangi tena, elfu sita, kwa kuwa mvua ya Aprili
haikungoja ya kwanza ikauke;
msasa; bendeji; msasa.
Nilipofika laki mbili na thelathini niliacha kujumlisha.
Si kwa hasira. Ukurasa ulikwisha.

Lakini wewe dalali hukuwepo Jumapili ile
tulipoingia Barabara ya Jogoo, matako yetu
shibiri moja tu juu ya lami,
na mbwa wakitutazama ana kwa ana.
Pale Muthurwa polisi alitusimamisha,
hakuuliza leseni, aliuliza kama anaweza kukaa kidogo.
Akakaa. Akashika usukani. Akatoa kofia.
Bwana mmoja akashusha kioo cha Prado yake,
akainama kutoka huko juu:
"Mzee, hii umeitoa wapi? Italia?"
"Buruburu," Nzioki akajibu. "Phase Three."
Akarudia polepole, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Kurudi, mvua ilitukuta Donholm. Paa hatukuwa nalo.
Nikafungua mwavuli, mwavuli ukapinduka,
viatu vyangu vikajaa maji hadi kifundoni
nami, mwanamke wa miaka hamsini na mbili,
nikacheka mpaka mbavu zikauma.
Hilo nalo liandike kwenye hesabu yako.

Dalali haandiki. Anasoma kitabu cha gari:
rangi kijani, abiria watano.
Analitazama jekundu lenye viti viwili.
"Hapa kuna magari mawili, mama, na moja halipo."
Anatoa elfu thelathini na tano,
hiyo ni injini na matairi.
Na mwili?
"Mwili mpe mtu afugie samaki."

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Basi, hili lajitembeza,
na likipata mteremko lajitembeza vizuri sana.

Nzioki hajatoka nje. Yuko nyuma ya pazia la jikoni,
nauona mkono wake.
Nyonga yake haikubali tena kushuka chini kiasi kile;
mara ya mwisho tulimtoa garini watu watatu,
mmoja akimvuta kwa mshipi.
Daktari ametaja bei bila kupepesa macho.
Kipande kinaagizwa ng'ambo, alisema,
chuma na plastiki, kinakuja ndani ya kasha,
na skrubu zake.

Nimemwambia dalali arudi Jumanne na arobaini.
Ameandika namba yake kwa kidole
kwenye vumbi la boneti, akaenda.

Na daktari nitampigia kesho asubuhi.
Nataka kujua kama maelezo yake
yana kurasa zote.