Kabla Novemba Haijafunga

Barua ya kuvunja mkataba lazima ifike
kabla Novemba haijafunga mlango.
Ursina, mjane wa Chur, miaka sabini na miwili,
anahesabu tena kwa penseli nyuma ya bahasha.
Faranga arobaini na saba kwa mwezi.
Mara kumi na mbili: mafuta ya kupashia nyumba,
au meno ya chini, yale anayoyaahirisha.

Zamani kazi hii ilikuwa ya Gieri.
Alipiga mistari kwa rula, akasonya,
mwishowe akasema tubaki, zimwi likujualo...
Lilitujua, kweli.
Likatula hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka,
kwa adabu.

Bima mpya ina orodha yake ya madaktari.
Kidole kinateremka: Caflisch, Calonder, Capaul.
Cavegn hayumo.
Cavegn, aliyepanda ngazi nne usiku wa theluji
akakaa na Gieri hadi kukapambazuka,
na saa zile hazikuonekana kwenye ankara.

Gundi ya bahasha ni chungu.
Posta, kwa rejista: faranga sita.
Analipa ili aokoe.

Jumamosi, kwa mwoka mikate,
analiona koti la kijivu.
Anajibanza nyuma ya rafu ya unga,
moyo unamdunda kama mwizi wa maandazi.

Cavegn hakumwona.
Alikuwa ameinamia kikapu cha pembeni,
akibonyezabonyeza mikate ya jana,
ile ya nusu bei,
akitafuta uliobaki laini.