Mayai ya Kaure

Kuku wa Bi Beddoes amegoma kushuka.
Siku ya kumi na tisa leo, kajibweteka kwenye sanduku la matufaha,
bapa kama chapati, jicho halipepesi.
Ukimsogelea anavimba, ananguruma,
ngurumo kubwa mno kwa kiumbe cha kilo mbili.
Kifua kakinyonyoa mwenyewe, ngozi iguse yai.

Yai lenyewe hakuna.
Kuna kaure tatu nyeupe, za dukani,
alizowekewa na Bi Beddoes kwa kuwa, anasema,
"jogoo hana, maskini, ila nia anayo."

Mimi huja kumwosha Bi Beddoes mguu na kumfunga bendeji,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, dakika thelathini.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema kwetu Wete.
Yangu iko shingoni, ina picha na namba.

Ijumaa hii nimekuja na Mize, shule zimefungwa.
Mwana wa marehemu dada yangu. Miaka tisa,
miezi minne hapa Ludlow.
Hula anachopewa. Huosha sahani yake, yangu pia.
Nguo huzikunja na kuzirudisha begini
kama mtu asiyetaka kupitwa na basi.
Usiku namsikia akihesabu kitu, taratibu,
sijawahi kumuuliza nini.
Mimi huniita "wewe".

Bi Beddoes katuonyesha boksi la viatu, kifuniko kina matundu,
ndani vifaranga sita wa siku moja, wa mnadani Craven Arms.
"Usiku," kasema. "Mchana atawadonoa.
Gizani kuku hajui kuhesabu."

Basi tukarudi saa nne usiku, kamba nimeiacha nyumbani.
Sakitu imeanguka, majani yanavunjika chini ya viatu,
Aprili, na bado pumzi inaonekana.
"Mkono mdogo ndio unaofaa," kasema Bi Beddoes,
na Mize, ambaye hagusi kitu cha mtu,
akapenyeza mkono chini ya lile joto.

Kaure ilitoka ya moto.
Moto hasa, kama kitu kilichokuwa na damu.
Akaishika shavuni, akasahau kwa muda kazi aliyopewa.
Kisha kifaranga, akaingia. Cha pili. Cha tatu.
Kuku akatoa sauti ambayo hatukuijua kwake,
nyembamba, ya kooni, kama maji yakianza kuchemka.

Yule mweusi akatokea upande wa pili.
Akadonolewa kichwani, mara moja, *kok*.
Hakuna aliyepumua.

Teke la kuku halimuumizi mwanawe, najua,
lakini methali hiyo haikumtaja mwana wa mwenziwe,
na mimi Jumanne nilimfokea huyu mtoto
kwa ajili ya viatu vyenye tope. Viatu!
Hakulia. Alivisugua mpaka soli.

Kuku akainamisha mdomo uleule,
akamsukumia mweusi ndani, chini ya bawa,
kama mtu anayechomekea shuka.

"Hajui kwamba si wake?" Mize aliniuliza, nami nikatafsiri.
Bi Beddoes alikuwa anatafuta fimbo yake.
"Anajua sana. Hana nafasi ya kuliwaza."

Jumamosi alipiga simu: wote sita wako nje,
wanachakura sakitu ikiyeyuka,
na mama yao kamfukuza paka hadi barabarani.
Nilifurahi. Lakini mimi bado niko njiani, Ijumaa ile,
tunarudi, Mize katangulia hatua kumi kama kawaida yake.
Kwenye taa ya kona akasimama. Akaningoja.
Akafungua kiganja: kaure moja.

"Mama mdogo, nimeichukua. Nitairudisha.
Si sasa hivi, lakini.
Shika uone. Bado ya moto."