Kikombe cha Kwanza

Maabara ya pili, Maseno, saa nane mchana.
Mvua imeshuka kutoka Bunyore
na inaingia kwa dirisha lile lisilofungika.
Tuko sita kwenye meza ya watu wanne.
Koti langu ni la kuazima; juu ya mfuko
jina la mwenyewe limeshonwa kwa uzi mwekundu: Khayanga.
Basi leo mimi ni Khayanga.

Daktari Shiundu ameshika chupa kwa shingo
kama ashikavyo mtu kuku wa mgeni.
"Leo tunakeneka. Nani kati yenu
amewahi kuona ukenekaji kwa macho yake?"

Kimya.
Nikatazama viatu vyangu.

Mama, ningesemaje?
Kwamba mtambo wetu ulikuwa pipa la mafuta,
sufuria ya maji baridi juu yake kama kofia,
unga uliokandwa kuziba kila ufa,
na mtoto wa miaka tisa wa kubadilisha maji,
akihesabu kwa Kijaluo hadi mia mbili
maana saa tulikwisha kuiuza?
Kwamba Obunga, nyuma ya choo cha Min Oyugi,
tuliwasha alfajiri pamoja na wakaanga mgongo wazi
ili askari asijue
upi ni moshi wa samaki, upi wa karo?

Wiki jana ilikuwa vimeng'enya,
jinsi vinavyokata wanga ukawa sukari.
Wenzangu walikariri.
Mimi nilikumbuka gunia la wimbi mbichi, limeloweshwa,
likichipua chini ya kitanda changu,
na joto lake likipanda usiku kucha.
Julai nzima sikuhitaji blanketi.

Zebaki inapanda. Sitini. Sitini na mbili.
"Sitini na nne nukta saba," asema Daktari,
"hapo huchemka methanoli. Ndiyo inayopofusha.
Ina haraka, hutangulia.
Kwa hiyo kilichotangulia, mwaga."

Kalamu yangu ikasimama.

Kila mara, mama, kila mara,
wateja wakinung'unika, kiu imewakaba,
uliinamisha kikombe cha kwanza pale mlangoni.
"Hiki si cha mtu," ulisema.
Nami nilidhani ni cha baba,
nikawa naruka lile doa bichi
nisije nikamkanyaga kifuani.

Ng'ambo ya mtaro hawakumwaga. Hasara, walisema.
Oriwo, fundi wa baiskeli,
aliyetambua kila mnyororo kwa mlio,
aliamka Jumapili akamuuliza mkewe
mbona hajafungua dirisha,
na jua lilikuwa limejaa mezani.

Sabini na nane. Matone yanaanza.
Harufu ikanifikia kabla sijajiandaa.
Chelagat, mwenzangu wa meza, akanitazama:
"Unalia?"
"Moshi," nikasema.
Hakukuwa na moshi. Jiko letu ni la umeme.

Usiku nikampigia.
Mama, kwa nini ulikuwa unamwaga cha kwanza?
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.
"Mamangu alimwaga."
Na yeye?
"Umeenda huko kusoma
au kunihoji kama polisi? Umekula?"
Nimekula, nikasema. Sikuwa nimekula.

Nikaandika ripoti: lengo, vifaa, utaratibu,
grafu yangu ikapinda pasipostahili kupinda.
Kwenye marejeo nikaweka kitabu, ukurasa wa mia na kumi na mbili,
na chini yake, kwa mwandiko mdogo:
Turfosa Apondi, Obunga, mazungumzo.

Imerudi leo. Kumi na nne kwa ishirini.
Daktari amezungushia mstari wa mwisho wino mwekundu
na kuuliza pembeni:
Chanzo hiki ni cha mwaka gani?